Maji Niliyomletea Mbuyi

Kabanga mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kazini, katika chumba cha vyombo nyuma ya jiko la nyumba ya wageni ya mgodi. Wageni wa kampuni wameshakula mchana, wamekwenda kujilaza, na mimi nina saa mbili kabla ya kupanga meza za jioni. Karatasi hizi ni za orodha ya vyakula, kwa hiyo ukigeuza upande wa pili ukakuta supu ya karoti, usidhani baba yako ameanza kuchanganyikiwa. Tangu Jumatatu nimeianza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeichana. Leo sina tena nafasi ya kuchana, maana kesho asubuhi unapanda treni ya Lubumbashi kwenda shule ya wauguzi.

Sitakufundisha namna ya kuficha pesa kwenye nguo, wala sitakukataza kumwachia mtu usiyemjua valizi yako. Mama yako ameshayasema hayo yote, tena kwa kuyarudia, nawe ukawa unamjibu "oui, oui" ukiwa umempa mgongo. Nilikuwa mlangoni, nikaona. Mimi ni mtu wa kuhudumia meza, na kazi yangu ya miaka yote ni kumwona mwenye kiu kabla hajafungua kinywa.

Nitaanza na Jumapili iliyopita. Tulikuwa tunakula, jirani ameingia kukupongeza, akakuuliza utafundishwa nini huko. Ukamjibu, "Shida ya hapa kwetu ni bamama bachafu. Mama hachemshi mayi muzuri, kisha mutoto akikufa analia." Ulisema hivyo ukitazama sahani yako, lakini kila mtu mezani alijua maneno yanakwenda wapi. Mama yako akachukua sufuria ya mboga ya sombe, akasema imepoa, anaenda kuipasha moto. Ilikuwa bado inatoa mvuke. Alikaa nje mpaka jirani akaondoka. Na mimi niliendelea kula. Nilimaliza ugali, bukari langu lote, Kabanga, kisha nikaongeza.

Basi nisizunguke tena. Mama yako hakumuua Mbuyi. Kama kuna mkono ulioingia katika kifo cha pacha wako, ni mkono wangu, na nimeuficha miaka kumi na minane. Nataka ulijue hilo leo, kabla ya baraka za kesho, kwa sababu najua umeshamwomba shangazi yako Ngalula ndiye akubariki. Najua pia kwamba mama yako amejiandalia mahali pa kukaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kama kawaida yake.

Habari uliyokulia nayo ni ya shangazi yako. Ngalula ni dada yangu mkubwa, nampenda, amenilea, lakini alikaa mtaa wa Kapata na sisi tulikaa Musonoi, na mambo aliyoyaona ni yale ya siku za kututembelea. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba. Acha nikusimulie kama mtu aliyekuwa ndani ya nyumba.

Mbuyi alitangulia, mnene, mwenye sauti. Wewe ukafuata, mdogo kiasi kwamba bibi aliyekupokea alikushika kwa mkono mmoja akiwa anatafuta kitambaa kwa mwingine. Watu wote wa Kasai wa safu yetu ya nyumba walikuja, wakaimba nyimbo za mapacha, zile zenye matusi ambazo padri hujifanya hazisikii. Kuanzia siku ile majina yetu ya zamani yakafa. Mimi nikawa Shambuyi, baba wa Mbuyi, na mama yako akawa Muambuyi. Fikiria jambo hilo kidogo, kwa kuwa hata mimi nilichelewa kulifikiria: kila asubuhi, akienda kuchota maji, watu wanamsalimu kwa jina la mtoto wanayesema alimuua.

Na sheria ya mapacha unaijua, umefuatwa nayo utoto wote. Ukimnunulia mmoja kitambaa, unanunua viwili. Ukimbeba mmoja mgongoni, mwingine abebwe. Asiyepata sawa na mwenzake hukasirika, na akikasirika anarudi alikotoka. Nililelewa na sheria hiyo na niliiogopa kuliko niliyoyasikia kanisani.

Wiki ya tatu mama yako akashikwa na homa, maziwa yakapungua. Nilimpeleka kwenye dispanseri ya cité, mtaa wetu wa wafanyakazi, kwa Tata Ilunga, mwuguzi, mtu wa kaskazini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikupima wewe, akampima Mbuyi, akasema, "Muambuyi, maziwa ya kifua mupe huyu mudogo, juu hana nguvu. Huyu munene atakunywa ya kopo. Mayi ya robine, uchemshe, uoshe biberon. Ni vile tu."

Ni vile tu. Laiti tungefanya vile tu, maji ya bomba yaliyochemshwa.

Shangazi yako aliposikia alipiga mikono. "Bamapasa habagawanywake! Moya kifua, moya kopo? Shambuyi, huyu mutoto atakasirika, na we utabaki unaangalia!" Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikutazama wewe kifuani kwa mama, nikamtazama Mbuyi na biberon yake, chupa ya kunyonyea maziwa ya kopo, nikaona deni. Wewe umepata kitu kikubwa ambacho hakinunuliwi. Yeye apate nini cha kulingana nacho?

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoanza, na mjanja akianza kazi, mjinga anapumzika. Nilikuwa nimepata kazi hapa mwaka mmoja nyuma, koti jeupe, glovu. Wahandisi kutoka ng'ambo walikuwa wanakunywa maji ya chupa. Chupa za plastiki zilikuwa kitu kipya wakati huo, nyepesi, zinaonyesha mpaka ndani, na picha ya mlima wenye theluji. Maji yale yalipanda meli, yakapanda treni, yakateremshwa stesheni yetu yakiwa na vumbi la nchi kadhaa, na mezani yalikwisha kabla ya supu. Na bomba la jikoni, Kabanga, lilikuwa linatoa maji mazuri. Mpishi aliyanywa, mimi niliyanywa, meneja aliyanywa mtu asipomwona.

Lakini nilitazama watoto wa wahandisi wakicheza bustanini, mashavu yao, miguu yao, nikasema: ni yale maji. Sikujiuliza kwamba walikuwa pia na nyama kila siku, na nyavu madirishani, na daktari wao wenyewe. Nilitazama chupa tu.

Zilikuwapo aina mbili. Moja ilikuwa ya kila siku, na meneja aliijua idadi yake. Nyingine ilikuwa na karatasi ya kijani, imewekwa chini kabisa ya kabati, kwa sababu ni wachache walioiomba. Hiyo hakuna aliyeifuatilia. Basi mimi nikawaza hivi: kitu wanachokiweka mbali na macho ndicho kizuri kupita vyote. Nikatoa chupa moja, nikaitia ndani ya koti, nikapanda baiskeli, nikampigia mlinzi saluti.

Mama yako aliishika chupa ile, akaigeuza, akanusa. Akasema, "Mayi yangu, mi mwenyewe nachota, mi mwenyewe nachemsha. Hii mi siijue inatoka wapi. Mayi gani inakaa myezi mingi ndani ya chupa na haioze?"

Nikamwambia, "Wazungu banakunywa."

"Bazungu bakubwa. Huyu ni mutoto."

Hapo nikapandisha sauti. "Kabanga eko na kifua! Mbuyi naye apate yake! Ao unataka aende?"

Akafanya nilivyotaka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ana homa, ana watoto wawili mikononi, na mume anayejua Kifaransa cha mezani. Hakuyachemsha hata kidogo, kwa sababu mimi nilisema maji ya chupa ukiyachemsha unaharibu nguvu yake. Hilo nalo nililitunga mwenyewe.

Baada ya siku chache Mbuyi akaanza kuharisha. Mimi nikasema: kopo ni baya, aongezewe maji mazuri. Nikaleta chupa nyingine. Kadiri alivyoharisha ndivyo nilivyozidi kuleta. Tulipomrudisha kwa Tata Ilunga, yule mtoto mnene alikuwa amebaki macho na ngozi. Wanawake wamejaa kwenye benchi. Ilunga akauliza, "Unachanganya na mayi gani?"

Mama yako alinitazama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Alijua ninachojua: maji yale ni ya wizi. Nikishikwa, kazi imekwisha, na kazi ikiisha nyumba ya kampuni imekwisha, unga wa kila mwezi umekwisha, hata ile dispanseri tuliyosimama ndani yake imekwisha. Akamgeukia mwuguzi akasema, "Ya robine."

"Unachemshaka?"

"Nachemsha."

Ilunga akainusa biberon, akatikisa kichwa. "Haukuchemsha muzuri, mama. Mutoto anakauka." Hakusema kwa ukali. Lakini benchi zima lilisikia, na kabla ya jioni habari ilikuwa imefika mpaka kwenye nyumba za mwisho, zile zinazotazama shimo la mgodi. Mimi nilikuwa na kinywa, Kabanga. Ningesema neno moja tu, Ilunga angejua la kufanya, maana mtoto alikuwa bado hai. Nilitazama kofia yangu.

Mbuyi alirudi alikotoka siku ya tatu. Tulikatazwa kulia, ili wewe usimfuate. Mama yako alikaa kwenye mkeka na wewe kifuani, macho makavu, na watu wakasema tazama, hata chozi hana. Shangazi yako akasema mbele ya wote kwamba Muambuyi alimnyima Mbuyi kifua na akampa biberon chafu, na kwamba mkono wa namna hiyo usimbariki tena mtoto wa ukoo. Ndiyo sababu kwenye ubatizo wako, kwenye komunyo yako, kila palipotolewa pemba, ule udongo mweupe wa kubariki, mama yako alikuwa nyuma.

Wakati wa matanga mimi nilichukua chupa tupu zilizokuwa chini ya kitanda, nikachimba nyuma ya jiko, nikazifukia. Sikuzichoma, kwa kuwa moshi wa plastiki unanuka mbali na watu walikuwa wengi uani. Juu yake nikapanda matembele. Mama yako nilimwambia nimezirudisha kazini.

Nimeitwa. Mgeni wa chumba cha tatu ameamka, anataka maji. Nimempelekea, nimerudi. Nimemmwagia kidogo kwenye godoro, nikasingizia uzee.

Mpaka hapo ungeweza kuniambia: papa, hukujua. Kweli, mpaka hapo sikujua. Ningekuwa nimefanya kosa la mtu mwenye hofu na mapenzi mengi, na hayo husameheka. Sasa sikiliza lisilosameheka kirahisi.

Nilirudi kazini juma lililofuata. Mezani alikuwapo mhandisi mmoja, mnene, mcheshi, anayependa jibini. Aliniomba chupa ya karatasi ya kijani. Mwenzake akamcheka, unakunywaje kitu hicho, kina ladha ya ukuta. Yule mnene akasema daktari wake ndiye aliyemwandikia, kwa sababu ya tumbo gumu. Glasi mbili asubuhi, akasema, na mambo yanatoka yenyewe mbio. "Lakini usiwape watoto wako," akasema, "utabadilisha mashuka mpaka kesho." Wakacheka sana, wote wawili.

Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Watu hudhani mtu akisikia jambo kama lile huangusha alichokishika. Mimi nilimimina vikombe vinne na hakuna tone lililotoka nje.

Nilimwendea Tata Ilunga, nikamuuliza kwa mbali, kama habari ya mtoto wa mtu mwingine. Akaniambia, "Ile mayi ya namna ile iko na chumvi ya ndani ya mawe, mingi. Mukubwa inamufungua tumbo. Mutoto muchanga inamumaliza mayi yote ya mwili." Kisha akavua miwani. "Juu ya nini unauliza, Shambuyi?"

"Juu ya mujirani," nikasema.

Akairudisha miwani machoni. Akasema, "Mwambie mujirani asiogope kuya." Sikuenda tena. Baadaye alihamishwa, na nasikia amekwisha kufariki.

Sitakudanganya kwamba nina hakika. Mwaka ule watoto wengi walikufa kwa tumbo, nyumba zenye chupa na zisizo na chupa. Wewe utasoma, utajua kuliko mimi, na huenda siku moja utaniambia papa, lilikuwa jambo lingine. Nitafurahi ukiniambia. Ila najua mambo mawili bila kusoma: tangu chupa yangu ya kwanza, maji ya mama yako hayakuingia tena kinywani mwa Mbuyi, na wewe uliyelelewa kwa mkono wake ndiye uliyekua. Alikuwa akikusafisha ulimi kwa maji yale yale ya bomba aliyoyachemsha mwenyewe. Shangazi yako alikuambia kwamba mama yako alianza kuchemsha baada ya kaburi. Uongo. Alichemsha tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemtoa sufuria mkononi.

Nilisema nitamwambia baada ya matanga. Kisha nikasema baada ya mavuno ya mahindi, kisha wewe ukianza kutembea, kisha vita ikapita na nikasema nani anahitaji huzuni nyingine. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeshasikia kilio na bado naficha.

Na chupa, Kabanga, ziliniandama. Kuna kazi moja ambayo sijawahi kukusimulia, kwa sababu haina sifa. Kila Jumamosi ni mimi ninayechoma chupa za nyumba ya wageni, kwenye bonde huko nyuma. Mwanzoni zilikuwa za kujaza gunia, siku hizi ni kilima. Haziungui zikaisha, zinayeyuka, zinashikana na udongo, na moshi wake mweusi unakaa kooni. Kile kikohozi changu unachokiita lori la zamani, ndicho hicho. Mvua ikinyesha, zile ambazo hazijaungua zinateremka mpaka kwenye mtaro wa cité, zinaziba, maji yanasimama, mbu wanazaliana. Mwaka juzi mtaro ulipofurika nyumba za chini, kampuni ilituma watu wa kuzibua, nami nilikuwa nimesimama pale naangalia wanachokitoa. Nilizijua karatasi zake moja moja. Na hata hivyo wanawake wanatuma watoto bondeni wakaziokote, wajazie mafuta ya mawese, au maji ya shule, na mtoto mwenye chupa anatembea kifua mbele. Siwacheki. Mimi ndiye wa kwanza kuitazama chupa kama sakramenti.

Lubumbashi utakutana na wanaozibeba mkononi hata zikiwa tupu. Fanya upendavyo. Mimi nikiona mtu anaifungua nasikia mgongo unawasha.

Sasa nakuja kwenye mwezi uliopita. Mvua za kwanza zilipoanguka, mama yako aliamua kung'oa yale matembele ya nyuma ya jiko apande mchicha wa lengalenga. Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua karatasi zako za shule. Nilikuwa nashona kiatu, nikasikia jembe limegonga kitu chenye sauti ya kijinga. Nilipozunguka nyumba, alikuwa amepiga magoti, ameshika chupa, anaifuta udongo kwa kikwembe chake. Kila kitu nilichowahi kufukia uani kimeoza, mbwa wetu, mizizi, godoro la nyasi. Ile ilikuwa mpya. Kifuniko chake kinafunguka, karatasi ya kijani inasomeka kwa nusu.

"Shambuyi," akasema, "we ulisema ulirudishaka."

"Nilisema."

"Juu ya nini uliificha?"

Nikakaa chini kwenye udongo, suruali ya kazi na yote, nikamwambia. Mhandisi, tumbo gumu, kicheko, Ilunga, yote. Nilitegemea anipige na jembe, na ningeinamisha kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama mikono yake. Unaijua mikono ya mama yako, ilivyopasuka, umemcheka mara nyingi kwamba ananawa kama daktari wa upasuaji. Akasema, "Miaka yote nawaza ni mukono yangu. Nawaza labda siku moya nilisahau kunawa. Naitafuta ile siku, naitafuta, siione."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Ngoja kwanza," akaendelea kulima. Alilima mpaka akamaliza tuta, akatoa chupa zote akazipanga ukutani. Jioni ndipo akaniambia, "Mwambie mutoto mbele hajaenda. Mi nilisemaka uongo juu ya kukulinda mara moya. Ukweli, utasema we mwenyewe."

Huo ni mwezi mzima, Kabanga. Mwezi mzima nimepita mbele ya mlango wako, nimeuliza habari za tikiti, habari za viatu. Na Jumapili ukasema uliyoyasema, naye akatoka na sufuria ya moto, hakujitetea, kwa kuwa alikuwa ananingoja mimi. Nimeaibika.

Nitakuambia jambo moja la kazi yako, halafu basi, maana mimi si wa kumfundisha mtu. Siku moja utakuwa na koti jeupe, na mama atakuletea mtoto aliyekauka. Utamuuliza maji gani, naye atasita kabla ya kujibu. Usiinuse biberon mbele ya benchi. Mwingize ndani, funga mlango, umuulize tena taratibu, kwa sababu huenda yeye anamlinda mtu. Na tazama mlangoni. Kama kuna mwanamume amesimama anaisokota kofia yake, mwite huyo, umuulize yeye.

Kengele ya jioni imelia. Nitamalizia nyumbani.

Niko nyumbani sasa. Wewe bado uko kwa wenzako wa kwaya mnaagana, nasikia mpaka hapa mnavyocheka. Mama yako anapiga pasi blauzi zako kwenye meza, makaa yanalia ndani ya pasi. Nimemwambia nilichoamua: kesho, ndugu wakishakusanyika, kabla Ngalula hajaigusa pemba, mimi nitasimama niyaseme haya kwa kinywa changu, maji, wizi, kunyamaza, yote.

Nilidhani atalia, au atasema hatimaye. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Na bakisikia ku kampuni? Bakikufukuza kazi?"

Kabanga, nilitoka nje. Nilisimama karibu na lile tuta la lengalenga nikalia kama mtoto, mtu mzima mwenye mvi. Baada ya yote, jambo la kwanza lililomjia ni mimi nisipate shida. Niliporudi nikamwambia, wacha banifukuze. Akasema, "Kaa basi, usimalize makaa kwa upepo wa mulangoni," akageuza blauzi upande wa pili.

Barua hii nitakupa mkononi leo ukirudi, usome ukiwa bado chini ya paa moja nasi. Nilitaka kuitia kwenye valizi uikute Lubumbashi, na ningekuwa nimekimbia mara nyingine. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ukikaa mwaka mzima bila kuniandikia nitaelewa, ila mwandikie yeye, na mtoto wa jirani atamsomea.

Kesho shangazi yako atachovya kidole kwenye pemba kwa mazoea, atakuita. Usiende. Ngoja nimalize kusema. Kisha mama yako atatoka kule nyuma. Hajawahi kumpaka mtu pemba tangu uwe mtoto wa mwezi mmoja, hatajua aanzie wapi. Inama chini kabisa, mwanangu, asilazimike kuinyanyua mikono yake.

Baba yako,
Shambuyi